Nyumba ya mawe ya Lamu kwa matofali ya Lego: dalili, chanzo na dawa

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ameanza. Ana matofali yake kwenye ndoo, ana picha za nyumba, ameinua kuta mbili tatu, na kuna kitu kinamsumbua: ama ukuta unapinda, ama vyumba havifanani na vya picha, ama ghorofa ya pili inakataa kukaa. Mfano ninaoutumia ni nyumba ya mawe ya Lamu, ile ya karne ya 18 yenye daka (ukumbi wa mlangoni), kiwanda (ua wa ndani), misana (vyumba virefu vyembamba) na zidaka (vishubaka vya ukutani). Naipenda kwa sababu ni nyumba yenye kanuni. Kila kipimo chake kina sababu, na ukiijua sababu, karibu kila tatizo la modeli linajieleza lenyewe.

Tukubaliane kwanza juu ya majina. Vinundu ni vile vichomozo vya juu vinavyoshika kipande kinachofuata. Tofali ni kipande cha kimo cha kawaida. Bamba ni kile chembamba, na mabamba matatu yakipandana yanafikia kimo cha tofali moja. Kigae ni bamba lenye mgongo laini, halina vinundu. Kutoka katikati ya kinundu hadi katikati ya jirani yake ni milimita 8. Kimo cha tofali ni milimita 9.6, na cha bamba ni milimita 3.2.

Kwa nyumba ya Lamu nashauri skeli ya 1:50. Hapo kinundu kimoja ni sentimita 40, bamba ni sentimita 16 na tofali ni sentimita 48. Ukuta wa unene wa kinundu kimoja unakaribia unene wa ukuta wa kweli wa matumbawe na chokaa, jambo ambalo ni bahati kubwa kwa mjenzi, kwani hahitaji kubuni lolote. Mtu mdogo wa Lego ana kimo cha milimita 40 hivi, yaani mita 2 kwa skeli hii. Ni mrefu kidogo.

Nyumba imekwisha, ila inaonekana imevutwa kwenda juu

Hili ndilo tatizo la kwanza kuchunguza, kwa sababu likiwapo hakuna urekebishaji mwingine utakaosaidia. Chanzo chake karibu kila mara ni kuhesabu tofali kwenda juu kana kwamba ni sawa na kinundu kwenda pembeni. Si sawa. Tofali linazidi upana wa kinundu kwa asilimia 20.

Chukua uso wa nyumba wenye upana wa mita 4.8 na kimo cha mita 4.8. Upana unatoka vinundu 12. Mjenzi mwenye haraka anaweka na matofali 12 kwenda juu, na tayari nyumba yake ina mita 5.76. Kimo sahihi ni matofali 10. Makosa ya karibu mita nzima kwa nyumba ya ghorofa moja yanatosha kuifanya ionekane mnara.

Dawa ni kuacha kuhesabu vipande na kuhesabu milimita. Andika kila kipimo cha nyumba kwa milimita, gawanya kwa 50, kisha pembeni gawanya kwa milimita 8 na kwenda juu gawanya kwa milimita 3.2. Ndiyo, gawanya kwa kimo cha bamba, si cha tofali, maana bamba linakupa usahihi mara tatu. Chumba chenye dari ya mita 3.2 kinatoka milimita 64, yaani mabamba 20, yaani matofali 6 na mabamba 2. Na weka kichwani ulinganifu mmoja utakaokuokoa mara nyingi: vinundu 2 pembeni ni milimita 16, na mabamba 5 kwenda juu pia ni milimita 16. Kipande chochote unachotaka kukilaza ubavu kitaingia kwa hesabu hiyo, na tutauhitaji tutakapofika mlangoni.

Kama hesabu zako ni sahihi na bado nyumba inaonekana ndefu au inabana kuelekea juu, basi tatizo liko kwenye picha. Vichochoro vya Lamu ni vyembamba, huwezi kurudi nyuma ukaupata uso mzima wa nyumba, kwa hiyo mpigapicha huelekeza kamera juu na sehemu ya juu ya ukuta inajikunja. Usichukue vipimo kwenye picha kama hiyo. Ukiwa na nafasi ya kufika, simamisha ukutani fito iliyopakwa alama kila nusu mita na uipige picha pamoja na ukuta. Hata picha ikipinda, fito inapinda nao na bado unasoma. Usipoweza kufika, tafuta michoro iliyopimwa. Mji wa kale wa Lamu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na nyumba zake zimechorwa na kuandikwa na wasanifu wengi. Mchoro mmoja wa ramani ya chini una faida kuliko picha hamsini za mlango.

Vipimo vya nje viko sawa, lakini vyumba vimekuwa ukumbi

Dalili yake ni hii: ukifunua paa unaona chumba kipana chenye umbo la mraba, na ukilinganisha na nyumba ya kweli kuna hisia ya Lamu iliyopotea. Nimeiona kwenye modeli nyingi, hata za watu wenye mikono mizuri.

Chanzo ni kusahau boriti. Dari ya nyumba ya Lamu inabebwa na magogo ya mikoko yaliyopangwa kutoka ukuta hadi ukuta, na gogo la mkoko lililonyooka na lenye nguvu halitoshi kuvuka zaidi ya mita 3 au karibu na hapo. Kwa sababu hiyo hakuna msana mpana. Fundi akitaka nafasi zaidi, anarefusha chumba au anaongeza chumba kingine nyuma yake, sambamba. Ndiyo maana kutoka kiwandani unapanda msana wa tini (wa chini), kisha msana wa yuu (wa juu), kisha ndani, chumba cha nyuma kabisa, vyote virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine.

Kwa hiyo kabla ya kitu kingine, jiwekee sheria: kwa skeli ya 1:50 hakuna chumba kitakachozidi vinundu 7 kati ya ukuta na ukuta. Vinundu 7 ni mita 2.8. Urefu wake unaweza kuwa vinundu 15 au 20, upendavyo na kadiri ramani inavyosema, lakini upana unakaa pale. Kama umeshajenga chumba cha vinundu 10, bomoa. Najua inauma kubomoa ukuta uliokwisha, lakini kila kitu kinachofuata, kuanzia dari hadi mpangilio wa zidaka, kinategemea upana huo.

Ghorofa ya juu haikai sawasawa juu ya ile ya chini

Ukiiweka inayumba kama meza yenye mguu mfupi, au inashika upande mmoja na kuachia mwingine. Kuna vyanzo viwili, na vinatofautishwa kirahisi. Weka rula juu ya kuta za ghorofa ya chini kutoka mbele kwenda nyuma. Rula ikipanda ngazi kwa ngazi, soma aya inayofuata. Rula ikilala vizuri, ruka hadi kwenye boriti.

Katika nyumba ya Lamu, sakafu hupanda kidaraja kila unapoingia chumba cha ndani zaidi. Kwa modeli, kidaraja hicho kinatoka vizuri kwa bamba moja. Msana wa tini unakuwa bamba moja juu ya kiwanda, msana wa yuu mabamba mawili, ndani mabamba matatu. Sasa mjenzi anahesabu matofali 6 na mabamba 2 kuanzia sakafu ya kila chumba, kwa sababu ndivyo alivyoandika kwenye karatasi, na matokeo yake kila ukuta wa nyuma umezidi wa mbele kwa bamba moja. Kama ghorofa yako ya juu ni tambarare, hesabu kimo cha kuta zote kutoka ubao wa chini kabisa, si kutoka sakafuni. Vyumba vya ndani vitapungua kimo kidogo, na jicho halitalalamika. Usijaribu kusawazisha kwa kuchomeka mabamba juu ya kuta za mbele peke yake baada ya kumaliza. Utaficha tatizo hapo na litatokea tena darini.

Boriti zinainua ghorofa, au zinaanguka, au ni nono mno

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu dari ndiyo inayofanya mtu aliyewahi kulala katika nyumba ya mawe aitambue modeli mara moja.

Wengi hutengeneza boriti kwa mabamba ya kahawia ya upana wa kinundu kimoja. Kwa skeli yetu hilo ni gogo la sentimita 40, mti wa msituni na si mkoko. Lego ina fimbo za mviringo za karibu milimita 3.2, unene unaofaa kabisa, ila urefu wake umepangwa kiwandani na kupata za kutosha kwa nyumba nzima ni gharama. Mimi natumia njiti za mishikaki. Kuna wanaosema modeli ya Lego isiguswe na kitu kisicho cha Lego, na nawaheshimu, lakini njiti ya milimita 3 kwa 1:50 ni boriti ya sentimita 15, na ni mti wa kweli. Zipake rangi ya chai nzito iliyochemshwa na majani mengi, ziache zikauke, kisha zikate kwa urefu wa milimita 72: vinundu 7 vya chumba na kinundu kimoja kwa kila ukuta.

Sasa angalia juu ya ukuta. Kinundu kina kipenyo cha milimita 4.8, na kutoka katikati hadi katikati ni milimita 8. Kinachobaki kati ya vinundu viwili ni milimita 3.2. Njiti ya milimita 3 inalala humo bila kusukumwa, ikipumzika juu ya mgongo wa tofali, nayo inabaki chini kidogo ya kimo cha bamba. Kwa hiyo fanya hivi: kwenye kuta mbili ndefu zinazobeba boriti, usiweke bamba la mwisho, laza njiti, moja kwa kila nafasi kati ya vinundu. Kwenye kuta fupi, zile zinazolala sambamba na boriti, na kwenye pembe zote nne, weka safu ya mabamba. Ghorofa ya juu itakaa juu ya mabamba hayo, itashika pembeni, na njiti zitakuwa huru chini yake zisibebe chochote. Ukitaka kuonyesha chumba cha chini, unainua ghorofa, unatoa njiti chache, unarudisha.

Kama ghorofa bado inainuka, pima njiti. Zinazouzwa sokoni hazilingani, na kwenye pakiti moja utakuta za 2.5 na za 3.5. Yoyote inayozidi 3.2 itaisukuma ghorofa. Zichambue kwa kuzipitisha kati ya vinundu viwili vya bamba kabla ya kuzikata. Inayokwama, iweke kando kwa mishikaki. Kama zinaanguka chumbani, umezikata fupi. Kama chumba ni kirefu sana na ukuta wa juu unabonyea katikati, ongeza bamba la kinundu kimoja katikati ya kila ukuta mrefu na uondoe boriti mbili zinazoligusa.

Ukichungulia mlangoni unaona mpaka ndani

Kwa mjenzi hili ni kosa dogo. Kwa nyumba yenyewe ni kosa kubwa, na lazima litengenezwe. Nyumba ya Lamu imepangwa ili mpita njia asione watu wa nyumba. Nje kuna daka, ukumbi mdogo wenye baraza za mawe pande zote mbili ambapo mwenyeji anaketi na wageni wa kiume. Ukipita mlango mkuu unaingia tekani, kijia kidogo cha ndani ya mlango, na kutoka tekani hadi kiwandani njia inakata kona. Mtu akisimama barabarani na mlango ukiwa wazi, jicho lake linaishia ukutani.

Chanzo cha tatizo ni kunyoosha ramani ili kupunguza kazi. Mjenzi anaona vinundu vitatu vya tekani havina maana, anaviunganisha na kiwanda, na nyumba inakuwa wazi. Dawa ni kuhamisha mlango wa tekani angalau vinundu 3 pembeni ya mlango mkuu. Jaribio ni rahisi: weka simu yako usawa wa jicho la mtu wa Lego aliyesimama kwenye daka, piga picha kupitia mlango. Kama picha inaonyesha kitu chochote cha kiwandani zaidi ya mwanga, sogeza tena. Na baraza usiziruke. Kigae cheupe juu ya tofali moja kinatoa kiti cha sentimita 64, kirefu kuliko kiti cha kawaida. Mabamba mawili na kigae, jumla sentimita 48, yanakaribia zaidi kiti cha kawaida. Chagua unachonacho.

Ukuta wa zidaka unavunjika ukiugusa

Zidaka za ndani, zile safu za vishubaka vya chokaa vilivyokuwa vikipangwa sahani na vyombo vya kauri kutoka China, ndizo zinazowavutia watu wengi kwenye modeli hii, na ndizo zinazovunjika kwanza.

Kipande kinachofaa ni tofali la 1x1 lenye kinundu kimoja kilichodidimia ubavuni. Ligeuze: mgongoni lina tundu la mraba, na tundu hilo likielekea chumbani ni kidaka kamili, chembamba na chenye kingo safi. Ukipanga kumi na mbili kwa safu, mwanga ukiingia kutoka kiwandani kila kimoja kinapata kivuli chake. Hakuna uchoraji wala kibandiko kitakachokupa hicho.

Shida ni kwamba matofali ya 1x1 hayashikani pembeni. Ukipandisha safu nne, unapata nguzo kumi na mbili zilizosimama kila moja peke yake. Baada ya kila safu pitisha bamba refu la 1x6 au 1x8, na safu inayofuata anzisha bamba kwa urefu tofauti ili viungo visikutane. Kisha jenga ukuta wa pili nyuma yake wa matofali ya kawaida, na uunganishe kuta hizo mbili kwa mabamba ya upana wa vinundu viwili angalau chini, katikati na juu. Kwa hiyo ukuta wa zidaka unakuwa na unene wa vinundu viwili. Panga hili tangu kwenye ramani, la sivyo chumba cha ndani kitapungua kinundu kizima na boriti zako za milimita 72 hazitatosha mahali pake.

Mlango wa kuchonga unaonekana kama mlango wa duka

Nakshi haitatokea kwa skeli hii, tusidanganyane. Kinachofanya mlango wa pwani utambulike hata ukiwa mdogo ni mgawanyo wake: mbao mbili, mfaa (mti wima unaofunika kiungo chao) katikati, kizingiti chini, na kichwa kizito juu. Milango ya modeli inayokuja tayari kwenye boksi ina bawaba upande mmoja na haina mfaa, na ndiyo maana inaonekana ya duka.

Acha nafasi ya vinundu 2 kwa upana na matofali 4 kwa kimo. Weka bamba la kahawia chini, hicho ni kizingiti, na jingine juu. Kati yao kumebaki milimita 32, ambayo ni urefu kamili wa bamba la 1x4. Sasa pandanisha vipande vitano vya 1x4 na uvisimamishe ubavu: viwili kahawia, kimoja kahawia iliyokolea, viwili kahawia. Vipande vitano ni milimita 16, sawa na vinundu 2, kwa hiyo vinaingia kwa kubana. Kile cha mwisho kiwe kigae, maana vinundu vyake vingekwama kwenye fremu. Kipande cha katikati ndicho mfaa. Zungushia fremu ya kinundu kimoja kila upande kwa vigae vyenye mifereji, na kichwa cha mlango kipandishe bamba moja juu ya fremu. Ukitazama kutoka umbali wa mkono, unaona mlango wa Lamu.

Ukuta mrefu unapinda kwenda nje

Angalia mambo manne, kwa mpangilio huu. Kwanza viungo: kama mstari wa kati ya matofali mawili uko juu ya mstari mwingine wa safu ya chini, ukuta utafunguka hapo. Pili sehemu unayojengea: ukibonyeza matofali juu ya mkeka au godoro, safu za juu zinashika na za chini zinaachia. Jengea mezani. Tatu uchafu: matofali ya mitumba huwa na mchanga na mabaki ndani ya mirija yake. Yaoshe kwa maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni ya vyombo, yaanike kivulini. Maji ya moto yanapindisha mabamba.

Nne, kuchanganya matofali ya viwanda tofauti. Matofali yanayoiga Lego yanauzwa kila mji mkubwa wa kwetu kwa bei ya chini sana, na sioni sababu ya kumkataza mtu kuyatumia. Bila hayo watoto wengi na wakubwa wengi wasingejenga kabisa. Lakini mengine ni manene kwa sehemu ndogo ya milimita, na sehemu hiyo ikijirudia mara ishirini kwenye ukuta mmoja inatafuta pa kutokea. Yapime: panga matofali kumi ya 2x4 kwa mstari mmoja juu ya ubao wa chini. La mwisho likiingia bila nguvu, ni mazuri. Likihitaji kusukumwa, ni manene. Hayo yatumie kwenye ukuta wake peke yake, au ndani ya baraza na chini ya sakafu. Usiyapishanishe na ya Lego ndani ya safu moja.

Ramani ina ukuta uliokwenda mshazari

Nyumba za mjini hufuata kichochoro, na kichochoro hakijui rula. Wengi hunyoosha ukuta huo na kupoteza umbo la kiwanja. Ukitaka kuubakiza, ujenge ukuta huo peke yake, ushike mwisho mmoja kwa bawaba ya bamba, na sakafu iliyo chini yake iwe ya vigae ili ukuta uteleze badala ya kung'ang'ania vinundu. Ili mwisho wa pili nao ushike, tumia pembetatu ya 3, 4 na 5: vinundu 3 upande mmoja na 4 upande mwingine vinakupa mshazari wa vinundu 5 kamili, kutoka katikati hadi katikati. Maradufu yake, 6, 8 na 10, yanafaa zaidi kwa ukuta wa nyumba.

Na kama nyumba yako ina wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili, usikibebe kwa safu moja ya mabamba. Weka safu mbili zinazokatana, na ziingie vinundu viwili ndani ya kila ukuta.

Nyeupe inang'aa mno, au imegeuka njano

Chokaa ya kweli hupauka, huchujuka, na hufunua matumbawe ya kijivu na hudhurungi chini yake. Mjenzi anayelijua hilo hutawanya matofali ya rangi ya mchanga hapa na pale, na ukuta unapata madoadoa ya surua. Tazama maji yanapita wapi. Madoa hukaa chini ya mchirizi wa paa, kwenye kona ya chini inayonyonya unyevu wa ardhi, na pale watu wanapoegemea barazani. Kusanya rangi hizo sehemu hizo tatu na kuta nyingine ziache nyeupe.

Njano ya uzee ni jambo jingine. Plastiki ya matofali haya, ABS, hugeuka kwa mwanga wa jua wa miaka mingi. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, inayouzwa famasi, huirudisha: tumbukiza matofali, funika yasielee, weka bakuli juani kwa saa kadhaa huku ukiyageuza. Vaa glavu. Yenye maandishi au vibandiko usiyaweke. Dawa za klorini za kung'arishia nguo ziache, na asetoni isikaribie kabisa, maana inayeyusha ABS.

Kwa wanaojenga Beit el Ajaib: nguzo zinachezacheza

Wapo wengi, na nawaelewa. Jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883 huko Zanzibar, lenye veranda zake zilizozunguka na nguzo za chuma, lilibomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020, na tangu hapo watu wanataka kuwa nalo mezani. Tatizo lake si kuta. Ni nguzo ndefu zilizopangwa kwa matofali ya mviringo, ambazo kila moja inazunguka na kuegemea upande wake. Tumia ya mviringo ya 2x2, ambayo yana tundu la msalaba katikati, na pitisha ekseli ndani ya nguzo nzima kutoka chini hadi juu. Sakafu ya veranda isibebwe na nguzo pekee; irefushe mabamba yake yaingie ndani ya ukuta mkuu angalau vinundu vitatu.

Modeli ni imara nyumbani, inavunjika njiani

Ubao wa Lego wa chini ni mwembamba na unajikunja ukiubeba kwa kingo mbili, na ukijikunja kuta zinaachia kuanzia chini. Ugundishe juu ya ubao wa mbao au plaiwudi ya milimita 12 kwa mkanda wa gundi wa pande mbili, na ubao huo uzidi nyumba kwa upana wa viganja viwili ili mikono ipate pa kushika. Ghorofa zisafiri mbalimbali, kila moja kwenye boksi lake, njiti za boriti kwenye bahasha iliyoandikwa jina la chumba. Gari likisimama juani, shuka nayo. Ukifika, anza kwa rula juu ya kuta za chini kabla hujaweka ghorofa ya kwanza.